Deni la Mwenye Kufuga Samaki

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno, lisilostahili nafasi katika gazeti la sharika. Nalo ni hili: mtu awafungiaye samaki wadogo katika tangi la kioo nyumbani mwake, je, ana deni lolote kwao? Hatuulizi kama ni anasa au si anasa, wala hatuulizi kama wazee wetu walikuwa na desturi hiyo. Twauliza kama kuna haki na dhuluma hata kati ya mtu na kiumbe asiyezidi urefu wa kidole. Sisi wenyewe hatukuwa tumeliwaza swali hili mpaka mtoto alipotuuliza, nasi tukamjibu vibaya.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wetu alipopata kipaimara, ndugu mmoja akaaye mjini Arusha alimletea zawadi ya tangi la kioo pamoja na mfuko wa plastiki wenye samaki watano. Samaki hao huitwa neoni. Asili yao ni vijito vya Amazoni ya juu, katika nchi za Peru, Kolombia na Brazili, na wataalamu waliwapa jina lao la kitaalamu mwaka 1936. Neoni ni mdogo sana, yapata sentimita tatu au nne. Ubavuni ana mstari wa buluu ung'aao, na chini yake rangi nyekundu. Hakika ni kiumbe cha kupendeza. Tukaliosha tangi, tukalijaza maji ya bomba, tukawamimina samaki siku ile ile. Jioni ile nyumba nzima ilikaa mbele ya kioo, hata chai ikapoa.

Siku ya nne watatu walikuwa wakielea, wamekufa. Mtoto alisimama kitambo, kisha akauliza, "Babu, ni sisi tuliowaua?" Tukamjibu upesi, "La, mjukuu wangu. Ni samaki tu, na samaki hufa." Naye akanyamaza kwa adabu. Lakini tuliona usoni pake kwamba hakuridhika, na usiku ule sisi pia hatukuridhika. Maana jibu letu lilikuwa na maneno mawili, "samaki hufa" na "ni samaki tu", nasi tulipoyapima moja moja tuliyaona yote mawili kuwa mepesi.

Na tupime kwanza neno hili, "samaki hufa." Ni kweli, kila chenye uhai hufa. Walakini samaki wale hawakufa kwa uzee wala kwa ajali. Walikufa kwa sababu ambayo yeyote aulizaye aweza kuijua, nasi hatukuuliza. Samaki hutoa taka iitwayo amonia, kwa mashavu yake na kwa kinyesi chake. Katika mto taka hiyo haimdhuru, maana maji ni mengi nayo hupita daima. Katika tangi haina pa kwenda, bali huzidi siku kwa siku na kuunguza mashavu ambayo kwayo samaki hupata hewa. Mungu ameweka vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hugeuza amonia kuwa nitriti, na vingine hugeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Lakini vijidudu hivyo havizaliki kwa siku moja. Vyahitaji majuma manne hadi sita vipate kukaa katika chujio na katika changarawe. Tangi jipya ni kama nyumba isiyo na choo wala dirisha; ndimo tulimowatia wageni wetu.

Tena kuna habari ya maji yetu hasa. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twajua kwamba mvua ikiisha kupenya katika majivu na mawe ya volkano, huchukua magadi na floridi nyingi. Chemchemi nyingi za upande huu zapita kiasi kiwekwacho kwa afya ya watu, yaani miligramu 1.5 ya floridi katika lita moja. Alama yake twaiona katika meno ya kahawia ya watoto wetu, na katika sehemu zingine katika mifupa ya miguu iliyopinda. Wataalamu wameonyesha kwamba floridi ikizidi hudhuru samaki pia, hasa katika maji yenye kalsiamu kidogo. Na magadi nayo huongeza hatari, kwa kuwa amonia huwa sumu kali zaidi katika maji ya magadi. Sasa fikirini: vijito vya asili ya neoni ni laini na vyenye uchachu kidogo, vimepakwa rangi na majani yaliyooza ya msituni. Tulimtoa kiumbe wa maji ya namna ile, tukamtia katika maji ya Meru, tukashangaa alipokufa.

Wala si kwamba maji yetu ni mabaya kwa kila samaki. Kaskazini ya Arusha, katika ziwa Natron, wako samaki wadogo wa jamaa ya perege waishio katika chemchemi za magadi, ambazo joto lake lakaribia nyuzi 40. Neoni angekufa humo mara moja, bali wao huzaana humo na kustawi. Kila mmoja amepewa maji yake. Kosa lilikuwa letu, tuliochagua samaki kwa rangi yake tusiulize maji yake. Basi "samaki hufa" lilikuwa neno la kweli lililotumika kuficha neno jingine la kweli, yaani kwamba hawa walikufa kwa haraka yetu.

Na tupime sasa neno la pili, "ni samaki tu." Hapa mtu aweza kutupinga kwa haki, akisema, "Ninyi hula dagaa kwa kibaba, wala hamwombolezi. Mbona mwawalilia watatu?" Pingamizi hili ni zito, wala hatutaki kulikimbia. Hatusemi kwamba samaki wa kiooni ni bora kuliko dagaa wa Mwanza. Hatusemi kwamba samaki ana thamani sawa na mtu. Twasema kwamba deni halitokani na ukubwa wa kiumbe, bali latokana na tendo letu sisi. Dagaa aliishi katika ziwa pamoja na wenziwe, akajitafutia chakula, akamkimbia adui yake, hata siku alipovuliwa. Mvuvi hakumnyang'anya maisha yake ya kila siku. Alimtwaa mara moja. Lakini mwenye tangi amemnyang'anya samaki vyote alivyojitendea mwenyewe. Hawezi tena kutafuta maji safi, wala kivuli, wala chakula, wala mwenziwe. Mto ulimfanyia kazi hizo zote bila kuambiwa. Basi mtu amwondoaye mtoni huichukua kazi ya mto juu ya mabega yake mwenyewe. Asipoifanya, hakuna mwingine awezaye kuifanya.

Waswahili husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini kuna mgeni asiyeweza kushika jembe kamwe, wala kuaga na kwenda zake. Mgeni wa namna hiyo, siku ya tatu deni lake kwetu halipo, bali deni letu kwake ndipo lianzapo. Twaamini kwamba mamlaka aliyopewa mwanadamu juu ya samaki wa bahari, tusomayo katika sura ya kwanza ya Mwanzo, yapaswa kufahamiwa hivyo. Na sura ya 12 ya Mithali yatufundisha kwamba mtu mwenye haki hutambulikana hata kwa jinsi amfikiriavyo mnyama wake. Kama ni hivyo kwa ng'ombe mwenye sauti ya kulia akiona njaa, je, si zaidi kwa samaki asiye na sauti kabisa?

Tukiisha kukubali kwamba deni liko, yatupasa kuuliza ni deni la nini. Wengi hufikiri kwamba ni chakula tu. Kumbe chakula ndicho kilicho chepesi, tena wengi hukosea kwa kukizidisha. Chakula ambacho samaki hawa wadogo waweza kukimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, chatosha. Kinachosalia huoza, nacho hugeuka amonia ile ile. Mtoto anayewapa chakula mara kwa mara kwa upendo huwadhuru kwa upendo. Hili nalo ni fundisho kwa wazazi.

Lililo zito zaidi ni ujamaa. Samaki wa namna hii huenda kwa kundi. Hutazamana kwa macho, na ubavuni wana mstari wa kuhisia mtikisiko wa maji, hata wote hugeuka pamoja kama askari waliosikia amri moja. Kundi ndilo ngome yao. Macho mengi humwona adui mapema, naye adui akiwaona wengi wakigeuka pamoja hashiki mmoja kwa urahisi. Kwa hiyo samaki wa kundi akiwa peke yake hujiona daima yumo hatarini, hata kama katika tangi hakuna adui. Hujificha pembeni, rangi yake hufifia, hukataa chakula. Wajuzi hushauri wasipungue sita, na kumi ni afadhali. Tulipowapoteza watatu walibaki wawili. Baada ya juma moja alibaki mmoja. Huyo alikaa nyuma ya jiwe mchana kutwa. Tulimpa chakula kizuri na maji tuliyoyatengeneza vema, wala hakutoka. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mtu aweza kumshibisha kiumbe na bado akamdhulumu.

Baadhi yenu mtasema, "Kama ni hivyo, heri kutofuga kabisa." Twaliheshimu neno hilo. Kwa nyumba nyingi ndilo jibu lililo sawa. Tangi la lita 60 lataka kubadilishwa kama robo ya maji yake kila juma, yaani lita 15. Na wako akina mama wengi mlimani wabebao maji kichwani kutoka mbali. Lataka chujio na pampu ya hewa, navyo vyataka umeme, na umeme hukatika. Mji wa Arusha uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Samaki wa nchi ya joto hana blanketi. Mtu asiyeweza gharama hizi hana dhambi kwa kuwa maskini. Lakini akiwafunga viumbe huku akijua kwamba hataweza kuwatunza, amekopa mali asiyokusudia kuilipa. Na mwenye uwezo asisahau kwamba jirani mwenye njaa hutangulia mbele ya tangi. Hatuoni njia ya kulipinga neno hilo, wala hatutaki.

Hata hivyo hatusemi kwamba kufuga ni haramu. Kutazama kazi za Muumba kwa utulivu ni jambo jema, na mtoto ajifunzaye kuamka mapema kwa ajili ya kiumbe kisichoweza kumwambia asante amejifunza jambo ambalo wengi wetu wazee hatujalijua. Kipimo chetu ni hiki: je, maisha utakayompa samaki yatakuwa maisha ya samaki? Atakuwa na kundi lake, maji yamfaayo, mimea ya kujifichia, nuru ya mchana na giza la usiku? Kama ndiyo, fuga kwa shukrani. Kama atakuwa pambo tu la ukumbini, mwache alipo.

Kuna hatari moja tena, nayo huja ikiwa imevaa vazi la huruma. Mtu akichoka na samaki wake husema, "Nitawapa uhuru," akaenda kuwamimina katika mto Themi au katika ziwa Duluti. Twawasihi, msifanye hivyo. Maji ya Themi hushuka hata mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi wengi hupata riziki, na kutoka huko maji hufuata mto Pangani hata baharini. Samaki mgeni aweza kufa siku ile ile kwa maji yasiyomfaa; huo si uhuru. Au aweza kupona na kuzaana, akaleta ugonjwa au kuwaondoa wenyeji. Na hilo ni baya zaidi. Kumbukeni ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa humo ili uvuvi uzidi. Ni kweli kwamba biashara ilikua na wengi walipata kazi. Lakini kufikia miaka ya 1980 samaki wadogo waitwao furu, ambao walikuwa wa namna mia kadhaa zisizopatikana penginepo duniani, walipungua ghafula, na namna nyingi hazijaonekana tena. Waliomtia sangara hawakuwa watu wabaya. Walitenda jambo wasiloweza kulirudisha. Mwenye kuchoka na atafute mtu mwingine wa kuwalea samaki wake, au aende kwa bwana samaki wa wilaya aombe shauri.

Mtaniuliza, ninyi mlifanya nini na yule mmoja aliyebaki? Tulitafuta mjini tukampata mzee mmoja mwenye tangi kubwa la neoni, ambaye hukinga maji ya mvua kwa ajili yao. Mjukuu wetu alilia kidogo kwa kuwa alimpenda, tukamwambia kwamba kupenda si sawa na kushika. Tuliuacha mfuko uelee kwanza juu ya maji ya tangi lile, ili joto la maji lilingane, kisha tukamwachilia. Alikaa pembeni kama desturi yake. Kundi likapita mbele yake mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu akatoka akaingia katikati yao, nasi hatukuweza tena kumtambua ni yupi. Mtoto akacheka.

Mzee yule alitupa kipande cha sifongo cha chujio lake chenye vijidudu vile, tukakitia katika chujio letu. Kisha tukalitia tangi mimea, na punje chache za chakula zioze humo ili vijidudu vipate kazi, tukangoja majuma sita bila samaki hata mmoja. Jirani waliotutembelea waliuliza kwa nini twatunza maji matupu. Mtoto aliwajibu, "Bado nyumba haijawa tayari." Baada ya hapo tulichagua samaki wadogo wenye milia, ambao asili yao ni Bara Hindi, hao huvumilia baridi na maji yasiyo laini kuliko neoni. Tuliwanunua wanane, tukawatia katika maji ya mvua tuliyoyachanganya na ya bomba. Maji ya bomba twayaacha kwanza wazi siku nzima ili klorini itoke. Maji machafu tuyatoayo kila juma hatuyamwagi bure. Migomba iliyo nyuma ya nyumba huyapokea kwa furaha. Umeme ukikatika usiku, mtu mmoja huamka na kumimina maji kwa kikombe, kutoka juu, yapate hewa. Mara nyingi mtu huyo ni mjukuu.

Lakini kabla ya kununua wale wanane tulikuwa na deni jingine la kulipa. Tulimwita mtoto, tukamwambia, "Siku ile uliuliza kama ni sisi tuliowaua. Babu alikujibu vibaya. Ndiyo, ni sisi. Hatukukusudia, lakini tulikuwa na wajibu wa kuuliza kwanza, nasi hatukuuliza." Tulidhani atahuzunika. Kumbe alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Nilijua, Babu. Nilingoja useme."

Basi, ndugu walimu na wainjilisti, hili ndilo lililotufanya tuandike. Mtoto hakudhurika kwa kujua kwamba tulikosa. Alidhurika, kwa muda, kwa kuambiwa kwamba hapakuwa na kosa kwa sababu aliyekosewa ni mdogo. Maana akijifunza neno hilo mbele ya samaki, kesho atalitumia mbele ya mbuzi, na keshokutwa mbele ya mtumishi wa nyumbani, au yatima, au mgonjwa asiyeweza kujisemea. Kila mmoja wetu anaye mtu au kiumbe ambaye ametolewa katika mto wake na kutiwa katika nyumba yetu, naye hawezi kusema maji yakimwunguza. Na tuyaonje maji hayo kwanza, kabla ya kusema kwamba yeye ni mdogo tu.